Kaa na Papa wa Daktari Machano

Paukwa!
— Pakawa!
Papa kapikwa?
— Bado yu hai!
Basi itoeni miguu majini, msikilize.

Hapo zamani, si zamani sana maana miwani ilikuwepo, Daktari Machano alifuga papa katika bwawa kando ya ghuba. Alitaka mapezi yao, lakini papa akikatwa mapezi hufa. Akawaza, akawaza. Akachukua vinasaba vya mjusi, yule ambaye mkia wake hukatika ukaota tena, akavichanganya na vya papa. Akazaliwa Papa mmoja. Alikatwa pezi, mara likaota jipya.

"Nimeweza!" akasema Daktari.

Kumbe kuota nako kunataka chakula. Papa akala vibua wote wa bwawani. Akashiba?
— Hakushiba!
Akala nyavu. Akashiba?
— Hakushiba!
Akaupiga ukuta, buu! Ukapasuka, akaingia ghubani. Akamla changu, akamla pweza, akamla mzamiaji Vuai pamoja na mkuki wake. Kina mama waliokuwa wakivuna mwani wakakimbilia nchi kavu, wanalia. Daktari akamfuata kwa mtumbwi. Papa akautafuna mtumbwi, kwacha-kwacha! Daktari akarukia mkoko, akalikumbatia tawi.

Chini ya mkoko huo palikuwa na shimo la Kaa. Alikuwa mdogo, ungeweza kumfunika kwa kikombe, na tumboni kabeba mayai.

"Bibie, kimbia!" Daktari akamwambia.

"Nikimbilie wapi, na mayai haya? Sihami. Niambie tu, huyu ulimtia nini?"

"Mjusi."

"Mjusi wa kukatika mkia?"

"Huyo huyo."

"Haya. Wewe shika tawi lako."

Maji yakajaa. Papa akaja, shwaa!

"Kaa! Toka nikule!"

"Shikamoo, Mzee Papa."

"Marahaba. Toka!"

"Nitatoka, mzee wangu. Lakini mimi gamba tupu, nitakukwama jinoni bure. Unaliacha lile nono linalokufuata nyuma?"

"Lipi?"

"Hilo hapo! Geuka!"

Papa akageuka. Akaona kitu kinapita, fyu! Akageuka tena, fyu! Akazunguka na kuzunguka mpaka kizunguzungu kikamshika.

"Limenishinda," akahema. "Nitaanza na wewe."

Lakini Kaa alikwisha kusema hahami. Akatoka shimoni upande-upande, akapita chini ya tumbo la Papa, akamshika ncha ya mkia. Kacha! Papa akashtuka, na mkia ukakatika kama wa mjusi, ukawa unacheza peke yake majini.

"Nimekukamatia, mzee! Kula!"

Papa akaumeza, nyam!

"Mtamu," akasema. "Una ladha ya nyumbani."

Mara mkia mwingine ukaota.

"Limekuja jingine!" Kaa akapiga kelele. Kacha! Nyam!

Mkia wa tatu Papa hakungoja kukamatiwa. Alikunja mgongo, akang'ata mwenyewe. Nyam! Ukaota kidogo, akang'ata zaidi. Njaa ikaupita uotaji. Akala mkia, akala kiuno, akala tumbo. Akashiba?
— Hakushiba!
Akala mpaka yakabaki meno, yakitafuna maji, ta, ta, ta. Kimya.

Kina mama wakarudi, wakamtungua Daktari mtini, kalowa chapachapa.

"Ahsante, Bibi Kaa," akasema. "Sasa nimepata wazo. Nikichukua vinasaba vya kaa, nikavichanganya na..."

Kaa akainua gando.

Daktari akaenda zake kwa miguu, akigeuka nyuma kila mara, na mayai yakaanguliwa palepale chini ya mkoko.

Ngano yangu imefika pwani, anayeitaka aiokote.

Na mafunzo yake, wanangu, ni haya: mkubwa mwamkieni kwa adabu, wala msimnyime chakula. Kaa hakumnyima.