Jina la Baba Halikufifia

Wapendwa, tulieni niwasimulie habari ya nyumba moja kule milimani Upare, mahali ambapo ukitaka kupiga simu unapanda kwanza juu ya kilima kutafuta mtandao.

Katika nyumba hiyo aliishi fundi mwashi, mzee wa watu, akiitwa Elinihaki, pamoja na mkewe na binti yao Nakijwa, mwalimu wa sekondari. Nakijwa alikuwa ameokoa kompyuta ya mezani iliyotupwa stoo. Ilikuwa imechoka, haibebi mambo mazito, basi akaiwekea Linux, ule mfumo unaotolewa bure, na kompyuta ikafufuka. Akaunganisha nayo simu zote za nyumbani kwa njia ya waifai. Mama akimpiga picha mbuzi wake uani, kabla hajarudi ndani picha ile imeshafika kwenye kompyuta. Mzee alikuwa akicheka kila akiona hivyo. "Hiki kitu kinatuchungulia," alisema, na simu yake akaiacha iunganishwe kama za wenzake.

Siku moja asubuhi mzee alivaa koti, akamwambia mkewe, "Nashuka mjini kuulizia saruji." Jioni hakurudi. Walipanda kilimani wakampigia simu, wakajibiwa kwamba haipatikani. Asubuhi iliyofuata kijiji kizima kilikuwa uani kwake.

Ninyi mnajua inavyokuwa. Vijana walishuka barabara ya mjini wakiangalia mabondeni. Wengine walikwenda hospitali, wengine kituo cha polisi. Pikipiki yenye kipaza sauti ilizunguka ikitangaza jina lake. Kwaya ilifika, kina mama wakaanza kuomba kwa sauti, na kila aliyeingia aliita, "Mzee Elinihaki, uko wapi?" Je, walikosea? Walikuwa wanampenda. Ungekuwa wewe, usingeita?

Mchana, mzee wa kanisa akamwambia Nakijwa, "Mwanangu, tutolee picha ya baba tuibandike stendi."

Nakijwa akaingia chumbani, akaketi mbele ya kompyuta, ambayo haikuwa imezimwa tangu jana. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia, hata kipanya alikishika kwa kupapasa. Akafungua ile programu iliyounganisha simu na kompyuta, atafute picha. Pembeni mwa kioo cha kompyuta palikuwa na majina ya simu za nyumba ile. Simu ya Nakijwa, imeunganishwa. Simu ya Mama, imeunganishwa. Simu ya Baba, imeunganishwa, chaji ndogo.

Akalisoma tena lile jina la tatu.

Kwanza alijiambia ni kumbukumbu ya jana, mashine imesahau kulifuta. Akatoa simu yake mfukoni, akaizima waifai. Palepale jina lake kwenye kioo likafifia, likawa kijivu. Akaiwasha tena. Jina likarudi, likawaka. Akafanya hivyo mara ya pili. Lake lilikuwa linazimika na kuwaka. La baba lilikuwa linawaka tu.

Na waifai ya nyumba ile haikuwa na nguvu ya kuvuka hata ua.

Ndugu zangu, mwanamke yule aliniambia kwamba hakupiga kelele. Alisema aliona hofu kama ya mtu aliyeingia mahali patakatifu na viatu. Watu walikuwa wameshuka hadi mjini, wamepekua wodi na mabonde, na kitu hiki hapa kwenye meza, kimya, hakijawahi hata dakika moja kuachana na baba yake. Hakuna aliyekiuliza.

Alitoka nje. "Naomba tunyamaze," akasema.

"Mwalimu, hebu acha watu waombe," mzee wa kanisa akamjibu kwa upole. "Picha umeipata?"

"Baba yuko hapa."

"Hapa wapi, mwanangu?"

"Sijui. Ila yuko hapa, ndani ya ua huu. Shikamooni nyote, nawaomba tu mnyamaze."

Kuna namna ya kusema ambayo hata kwaya inaitii. Kipaza sauti kikazimwa. Kina mama wakawaziba watoto midomo. Nakijwa akarudi ndani, akabofya pale palipoandikwa kuifanya simu iite. Simu ile ilikuwa imetolewa sauti tangu mzee alipokwenda msibani juma lililopita, lakini programu ile huita hata simu iliyonyamazishwa.

Ikaita. Kwa mbali, kama mdudu ndani ya ukuta. Watu wakageuka, wakageuka tena. Mama yake ndiye aliyeanza kutembea, polepole, akipita nyuma ya banda la mbuzi, mpaka kwenye tangi la maji ya mvua ambalo mzee alikuwa analijenga chini ya ardhi. Lilikuwa limefunikwa turubai ili jua lisipasue lipu. Vijana wakalivuta turubai. Koti lilikuwa limening'inia juu kwenye nondo, simu ikiita mfukoni. Na chini kabisa, mguu umevunjika, ngazi imemwangukia, alikuwa amelala Mzee Elinihaki, macho wazi. Kabla ya kwenda mjini alikuwa ameinua pembe ya turubai, akashuka mara moja tu kuangalia ufa wa tangi.

Walipompandisha na kumpa maji, mkewe alimuuliza, "Baba Nakijwa, siku nzima tunakuita. Hukutusikia?"

Mzee akasema kwa sauti iliyokauka, "Niliwasikia wote. Nilikuwa naitika. Kila nikiitika, mlikuwa mnaniita."

Wapendwa, hapo ndipo kwaya ile ilipolia.

Najua mnangoja niseme kwamba tumtafute Mungu kwa utulivu. Leo sisemi hilo. Mungu hakuwa amepotea katika habari hii, na wala hajapotea. Yeye hajawahi kuachana hata na jina moja. Tungeliona hilo kwa macho yetu kama Nakijwa alivyoona kwenye kioo, tungevua viatu wote humu ndani. Kwake jina la mumeo linawaka. Jina la mwanao anayelewa linawaka, chaji ndogo, lakini linawaka.

Sisi ndio tuliokuwa uani. Sisi ndio tunaosimama hatua chache kutoka shimoni na vipaza sauti vyetu, tunamwombea aliyepotea mbali, na aliyepotea yuko nyuma ya banda, anaitika. Mke wako amekuitika mara ngapi wakati wewe unaongea? Binti yako akisema "sijambo" kwa sauti ile ya chini, ulishawahi kunyamaza ukasikia kilicho chini yake? Tunafunga na kuomba kwa ajili ya watu wa nyumbani kwetu, na hatuwapi hata nafasi ya kusema walipoangukia.

Leo tukimaliza, usije mlangoni kuniambia mahubiri yalikuwa mazuri. Nenda nyumbani. Kaa na mmoja wao. Nyamaza.