Kware Aliyewazuia Nyati Njiani

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni sauti ya wenye njaa. Paukwa!

Pakawaaa!

Naam. Sasa tuko pamoja.

Hapo zamani za kale palikuwa na Kware. Alitaga mayai yake chini, kwenye majani, penye njia ya mtoni. Masika yote Nyati hawakupita huko, maji yalikuwa kila mahali. Kiangazi kikaja. Madimbwi yakakauka. Nyati wakaukumbuka mto.

Kware amelalia mayai yake. Mara ardhi, ndi! ndi! ndi! Vumbi likapanda. Nyati hao, kundi zima, na mbele yao dume kubwa. Mgongoni mwa dume amekaa Yangeyange, ndege mweupe, mpenda maneno.

"We Kware, toka njiani!" Yangeyange akaita. "Utakuwa chapati!"

"Sitoki. Mayai yangu yanapasuka leo. Piteni pembeni."

Dume akacheka, mho! mho! "Mimi nipite pembeni kwa ajili ya kijikuku cha porini?"

"Upite, baba. Tafadhali."

"Nina kiu. Toka!"

"Sitoki."

Dume akapuliza pua, fuuu! Kware akapepesuka, manyoya yakaruka. Akarudi palepale. Akajifunga kibwebwe, akatandaza mabawa juu ya mayai yake.

Dume akapiga kwato, pu! Vumbi likamjaa Kware machoni. Akakohoa, hakusogea.

"Jamani, bibi wee," Yangeyange akasema, "si utataga mengine?"

"Mengine ni mengine. Haya ndiyo haya."

Dume akainua mguu. Kware akamrukia, akamdonoa puani, kwa! Dume akarudi nyuma, akapiga chafya. Huko nyuma Nyati wakagongana.

"Mbele kuna nini? Simba?"

Jike mmoja, Mama Ndama, akapenya hadi mbele. Mwanawe alikuwa bado ananyonya. Akatega sikio. Chini ya mabawa yale akasikia: kwi, kwi. Yai limepasuka.

Akaenda akasimama kando ya Kware, ubavu wake ukaziba njia.

"Mama Ndama, na wewe?" dume akauliza.

"Na mimi. Ulipozaliwa, mama yako alisimama hivihivi mbele ya fisi. Nilikuwepo. Pita pembeni, mwanangu. Majani hayaumi."

Dume akainamisha pembe. Akapita pembeni. Kundi likamfuata.

"Ndivyo nilivyokuwa nikisema tangu mwanzo," Yangeyange akasema.

Mama Ndama naye alikuwa na kiu. Lakini hakuondoka mpaka Nyati wa mwisho alipopita.

Mmeona, wanangu, nanyi wakubwa? Kware hakumshinda Nyati kwa nguvu. Lakini angekimbia, Mama Ndama angekuta maganda tu. Mnyonge akikaza, mwema hupata nafasi ya kumsaidia. Basi ukimwona mnyonge amekaza, nenda kasimame naye.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesinzia afunikwe, na aliye macho ndiye amfunike.