Marahaba ya Fisi

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti ya vijana? Mimi niliyeambiwa nimechoka nasikika hadi kisimani. Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya. Palikuwa na shamba la mtama, la wanyama wote. Anayefanya kazi anakula, na anayekula anasema barazani. Bibi Sange, kile kijinyama chenye pua ndefu, kazi yake ilikuwa kufukuza ndege. Alikuwa mzee, ndiyo. Lakini akipita shambani chwi chwi chwi, akipiga debe ko! ko! ko!, ndege hawatui.

Akaja Fisi akawa mwenyekiti. Tumbo lake mnalijua. Siku ya kwanza tu akaita baraza.

"Wazee wetu tunawapenda," akasema. "Tunawaheshimu mno! Kuanzia leo wapumzike. Wasilime, wasifukuze ndege, na barazani wasije kujichosha."

"Na fungu letu la mtama?" akauliza Bibi Sange.

"Nitawatunzia mimi."

Akatunza kweli. Akatunza tumboni, nyam nyam nyam!

Nyani akauliza, "Mwenyekiti, mzee tutamjuaje?"

"Rahisi. Anayeamkiwa shikamoo akaitikia marahaba, huyo ni mzee. Mwambieni apumzike."

Basi Bibi Sange akishika debe lake, vijana hao: "Shikamoo, bibi!" Naye, na adabu zake, "Marahaba." "Pumzika, bibi, umechoka!" Mzee Kobe akishika jembe: "Shikamoo, babu!" "Marahaba." "Pumzika, babu, umechoka!"

Umechoka! Nani kawaambia? Inaniuma hata kuisimulia. Mtu ana mikono, ana akili, anaambiwa akae mkekani asubiri kuletewa uji, na uji wenyewe hauletwi!

Bibi Sange akalala na njaa, akawaza. Asubuhi, chwi chwi chwi, hadi mlangoni kwa Fisi. Akainama.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

Fisi akashtuka. Kuamkiwa na bibi mzima! Akatazama huku, akatazama huku, hakuna mtu. Kifua kikamjaa.

"Marahaba," akajibu kwa sauti ndogo.

Kesho yake akaja Mzee Kobe. "Shikamoo, Mkubwa."

"Marahabaa!"

Fisi akanogewa. Ikawa kila siku wazee wanapita kumwamkia, na asipoamkiwa, uji haumshuki.

Ikafika siku ya kugawa mavuno. Wanyama wote wapo, na Fisi kaketi juu ya rundo la mtama, udenda unamtoka. Ko! ko! ko! Bibi Sange huyo, na debe lake.

"Shikamoo, Mwenyekiti!"

"Marahabaaaa!"

Nyani akajikuna kichwa.

"Mwenyekiti, umeitikia?"

"Hata! Mimi kijana! Tazameni meno!"

"Meno hata mimi ninayo," akasema Bibi Sange. "Pumzika, babu, umechoka."

Baraza zima likapokea: "Pumzika, babu, umechoka!" Wakamshusha rundoni, wakamtandikia mkeka.

"Na fungu langu?" akalia Fisi.

"Nitakutunzia mimi," akasema Bibi Sange.

Siku hiyo hiyo sheria ikafutwa. Kobe akarudi kwenye jembe, Bibi Sange kwenye debe, na wote wawili barazani. Fisi peke yake aliachwa mkekani, maana yeye alichoka kweli. Alichoka kwa kula.

Mnataka funzo? Funzo ni kwamba adabu ni kitu kibaya. Msimwamkie mtu, na mkiamkiwa, nyamazeni. Na wazee wapumzike, hasa siku ya kugawa.

Hadithi nimeikunja, na mkeka naukunja, sikai tena. Jana mwenyekiti wetu wa mtaa, kijana niliyemfunga nepi kwa mikono hii, kanisimamisha katikati ya mkutano. Ati, "Bibi, kapumzike." Watu wakacheka.

Kesho alfajiri nitapita kwake. Nakwenda kumwamkia.