Ngiri na Mpini Mbichi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kinyonge, utadhani mmeshinda mnalima. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima kwa majembe, alikuwepo Bwana Ngiri. Alikuwa fundi wa kila kitu. Nani alisema? Yeye mwenyewe.

Jirani yake alikuwa Bi Nungunungu. Kila baada ya mavuno, Bi Nungunungu alipogoa mpera wake. Tawi lililonyooka hakulichoma. Alilipandisha kwenye kichanja juu ya meko, likakaa kwenye moshi hadi msimu mwingine. Hapo ndipo alipolichonga mpini.

Msimu mmoja, mpini wa Ngiri ukavunjika. Kah! Mawingu yameshakusanyika, shamba halijaguswa, watoto wanalia njaa. Na jembe lenyewe ni hilo hilo moja.

Mkewe akamwambia, "Baba watoto, nenda kwa jirani akupe mpini mkavu."

"Nikaombe? Mimi? Yule bibi anabanika kuni kama samaki! Mti ni mti."

Akakata tawi bichi, linachuruzika maji. Chwa! Chwa! Chwa! Mpini tayari. Mzuri jamani, mweupe, laini! Akauzungusha kijiji kizima, watu wauone. Kulima? Aa, kulima kesho.

Kesho yake jua likawaka. Ti! Ti! Ti! Mpini ukasinyaa, jembe likacheza. Ngiri akauloweka mpini mtoni, ukavimba, jembe likakaza.

"Mnaona? Ufundi huo!"

Ti! Ti! Likacheza tena. Akaloweka tena. Mtu mzima na meno yake, anashinda ananywesha mpini maji. Si bora angemwagilia mchicha?

Bi Nungunungu akapita. "Jirani, njoo nikupe mkavu. Hilo jembe litachomoka, na mto huo hapo."

"Bibi, kageuze samaki wako!"

Akaliinua jembe kwa hasira. Vuuu! Likachomoka. Chubwi! Likazama kwenye kina, pale anapolala Mamba.

Mamba akafumbua jicho moja. "Ahsante kwa zawadi, Bwana Fundi. Au ulitaka kulifuata? Karibu. Karibu sana."

Ngiri hakukaribia. Alitimua mbio hadi kwa Nungunungu, jasho linamtiririka. "Dada yangu mpenzi, nipe mpini!"

"Mipini ipo tele, chagua. Jembe liko wapi?"

Ngiri akageuka, akatazama mtoni.

Mvua ikaanza kunyesha. Ngiri akawatazama wanawe. Akaenda shambani, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa pua. Mpaka leo, ukimkuta ngiri anatafuta chakula, yuko magotini, pua ardhini.

Funzo ni hili: mti mbichi uache ukauke kwanza, na jirani akikupa la maana, lipokee kabla hujapoteza jembe. Hadithi yangu imeishia hapo, matopeni, na fundi wetu bado anachimba.