Kenge, Konokono na Sanduku la Kioo

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na maji.

— Yakachafuka!

Kayachafua nani?

— Mwenye tumbo!

Kayasafisha nani?

— Mwenye maneno!

Basi sogeeni. Aliyekalia mkeka wa mwenzake ampishe, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi.

Hapo kale, si kale sana maana hoteli zilikuwapo, Bwana Kenge aliishi katika shimo nyuma ya jaa la hoteli. Alikuwa jitu. Mkia kama gogo. Akiupiga chini, pwaa! vifaranga wa jirani wanalala kifudifudi. Na mlafi! Akiona yai, ameza. Akiona kifaranga, ameza. Akiona mfupa ulioachwa na mbwa, aguguna kwanza, halafu ndipo auliza mwenyewe nani.

Siku moja hoteli ikatupa sanduku la kioo walilokuwa wakifugia samaki wa mapambo. Walichoka kulisafisha. Kenge akaliburura, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, mpaka mlangoni pake. Akatia mawe. Akatia maji ya kijito. Akarudi kijitoni akazoa samaki saba wadogo, wekundu kama pilipili, wa aina ile inayozaa, si ya kutaga. Na ndani ya magugumaji aliyozoa pamoja nao, akaingia Bi Konokono, ambaye hakualikwa.

Bi Konokono alikuwa mcha Mungu. Nyumba yake mgongoni, msala wake ndani ya nyumba. Lakini alikuwa na ila moja, na mwenyewe akiikiri kila jioni: alikuwa mwongo. Akidanganya, husema astaghfirullah. Akimaliza astaghfirullah, hudanganya tena.

Kenge akapitisha ulimi juu ya kioo, lwe! lwe!

"Leo Ramadhani imeandama," akasema. "Nitawanenepesha nyinyi mwezi mzima. Siku ya Idi nawakaanga kwa ndimu. Na wewe mwenye kibanda, wewe nitakutafuna kama bisi."

Bi Konokono akaingia ndani ya nyumba yake, akafunga mlango.

Sasa, Kenge mwezi ule alikuwa amefunga mdomo wa shimo, si mdomo wake. Lakini tusimcheke sana. Wapo waja wa Mola, na msimulizi ni mmoja wao, waliowahi kuonja mchuzi mchana na kusema walikuwa wakipima chumvi.

Kila siku Kenge alikwenda jaani akarudi na makombo ya futari. "Kuleni mnenepe!" Chubwi, kiazi. Chubwi, andazi. Chubwi, bonge la ubwabwa. Na samaki mwenye tumbo kama punje ya kunde, andazi zima atalitia wapi? Chakula kikazama. Kikalala. Kikaoza.

Siku ya kwanza maji yakawa kama chai ya rangi. Siku ya pili yakawa kama maji ya kunde. Siku ya tatu yakawa uji, tena uji uliochacha. Samaki wakapanda juu, midomo nje, paku, paku, paku, wanatafuta pumzi. Siku ya nne mmoja akaelea chali.

"Kafa?" akasema Kenge. "Basi chakula hakikumtosha."

Akammeza marehemu, akaongeza andazi.

Siku ya tano harufu ilimshinda hata yeye aliyezaliwa jaani. Akamwaga maji yote, chwaaa! Akachukua kipande cha sabuni ya mche, akachukua majivu, akasugua kioo, akasugua mawe jiwe moja moja mpaka yakalia kwi! kwi! Akajaza maji mapya, moja kwa moja kutoka bomba la bustani ya hoteli, yakang'aa kama macho ya bi harusi. Akawatupa samaki ndani. Kabla ya adhuhuri wawili walikuwa chali.

Wakabaki wanne. Kenge akaghadhibika.

"Nimewalisha, wanakufa! Nimewaogesha, wanakufa! Hawa wana kiburi tu. Nitawala leo leo, kabla hawajaniharibikia!"

Akaanza kukunja mkono, ijapokuwa hakuwa amevaa nguo.

Miongoni mwa wale wanne alikuwamo samaki jike aitwaye Tunu, tumbo mbele, siku zake zimekaribia. Akamfuata Bi Konokono. "Bibi, nina mimba. Sema neno."

"Neno gani, mjukuu wangu? La kweli au la uongo?"

"Lolote litakalofika mapema."

Bi Konokono akapanda kioo, taratibu, mpaka ukingoni. "Bwana Kenge! Salaam aleikum."

"Aleikum salaam. Fupisha, nina njaa."

"Umewaudhi wenyewe."

"Wenyewe nani? Sanduku langu hili!"

"Wale wasioonekana. Wanakaa juu ya mawe, katika ule utelezi. Kazi yao ni kuula uchafu wa samaki ili maji yasigeuke sumu. Wewe umewamwagia sabuni na majivu. Umeua ukoo mzima, Bwana Kenge."

Na hapo, jamani, alikuwa bado hajadanganya. Lakini Kenge, ambaye duniani hakumwogopa mtu, alikuwa na kitu kimoja akikiogopa. Magamba yakamsimama.

"Majini?" akauliza kwa sauti ndogo.

Bi Konokono akafikiri kidogo. Astaghfirullah.

"Majini," akasema. "Na mkubwa wao ameuliza unalala upande gani wa shimo."

Pwaa! Mkia wa Kenge ukaanguka wenyewe. "Sasa nifanyeje, bibi?"

Juzi bisi, leo bibi!

"Watarudi taratibu, ukiwapa nafasi," akasema Bi Konokono. "Maji usiyamwage yote tena. Kila Ijumaa toa robo, tia robo."

"Nusu je?"

"Robo! Na hayo mapya yalale kwenye ndoo iliyo wazi, mchana na usiku, mpaka ile dawa ya bomba iyaache. Mawe yakichafuka, yasuuze kwa maji yaleyale uliyoyatoa humu. Sabuni usiilete hata kwa harufu."

"Na chakula?"

"Mara moja kwa siku, chembe tu. Kile watakachokimaliza wakati wewe unasoma tasbihi thelathini na tatu. Kikibaki, kitoe."

Kenge akajikuna shingo. "Tasbihi inasomwaje?"

"Hujui?"

"Nilikuwa najua. Nimekuwa na shughuli."

"Bwana Kenge, mwezi mtukufu huu!"

"Si nimekwambia nilikuwa na shughuli?"

Akafundishwa. Alipomaliza kufundishwa akakumbuka tumbo lake. "Na nikiyafanya yote hayo, mimi napata nini?"

"Watazaa. Hawa wanne watakuwa arubaini kufika Idi. Unataka wanne leo, au arubaini siku ya sikukuu?"

Udenda ukamtoka, tii, tii, tii. "Arubaini," akasema Kenge.

Alipoondoka, Tunu akamgeukia Bi Konokono. "Bibi, arubaini umeipata wapi?"

"Imenitoka tu, mjukuu wangu. Astaghfirullah."

"Imekutoka wewe, na wa kuizaa ni mimi!"

Basi Kenge akawa mchota maji. Ndoo kichwani, tumbo likivuma, anapanda kilima, anashuka kilima, na mkia nyuma unafagia njia. Naye akajitungia wimbo wa kazi. Itikieni:

Robo toa, robo tia!

— Robo toa, robo tia!

Ndoo ilale, ipoe dawa!

— Robo toa, robo tia!

Sabuni kaa mbali nami!

— Robo toa, robo tia!

Lakini mlafi hakosi ujanja wa mlafi. Kenge alipiga hesabu yake: samaki wanakula muda wa tasbihi, basi tasbihi ikirefuka, chakula kitazidi. Akawa anazivuta. "Suuuubhaaaaanallaaaah..." Moja. Anapumzika, anafumba macho, anameza mate. "Suuuubhaaaaanallaaaah..." Mbili. Zile thelathini na tatu zikawa zinamchukua kutoka asri hadi jua kuchwea. Samaki walishiba tangu ya tatu, kilichobaki akakitoa mwenyewe, maana aliogopa wale wa kwenye mawe.

Bi Kanga, jirani yake, akapita na watoto. Akasikia. Akasimama. Machozi yakamlengalenga.

"Jamani! Kenge kaongoka!"

Akamwambia Ngedere. Ngedere akamwambia Mzee Kobe. Mzee Kobe akaja kusikiliza, akafika baada ya siku mbili, na Kenge alikuwa bado anasoma. "Nimeishi miaka mingi," akasema Mzee Kobe, "sijaona unyenyekevu wa namna hii."

Ijumaa ya kwanza maji yalikuwa bado na ukungu. Ijumaa ya pili ukungu ukapungua. Ijumaa ya tatu yakatakata, ukiyahesabu mawe unayamaliza. Tunu akazaa. Vitoto kama macho yenye mikia, vikajificha kwenye magugumaji. Wiki haijaisha mwenzake naye akazaa. Bi Konokono akahesabu, akarudia kuhesabu: arubaini na mmoja.

"Mola wangu," akasema, "leo hata uongo wangu umekuwa kweli. Sasa nitatubu nini?"

Ikafika asubuhi ya Idi. Kenge akatoka na kaango, ndimu na chumvi. Akasimama mbele ya sanduku.

"Bwana Kenge," akasema Bi Konokono, "majini watakasirika."

"Nimewasomea mwezi mzima. Tumeshakuwa jamaa."

"Ukingoja hadi Idi ya pili watakuwa mia nne."

"Bibi," akasema Kenge, "nimekula maboga ya jaani siku ishirini na tano. Hata ungeniambia elfu." Akatia mkono majini, chubwi!

Tunu akawasukuma watoto wake nyuma ya jiwe. Wadogo mno, hawakujua kujificha. Walidhani ni chakula kinakuja, wakaukimbilia mkono. Bi Konokono akatafuta uongo mdomoni mwake asiuone. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake. Akafumba macho, akaomba. Hakuomba neno jema. Aliomba neno lolote.

"Hodi! Hodi kwa mcha Mungu!"

Bi Kanga huyo, na watoto kumi. Nyuma yake Ngedere na sahani ya vibibi, vile vikate vya mchele na nazi. Nyuma kabisa Mzee Kobe, aliyeondoka kwake tangu juzi ili awahi.

"Karibuni!" Bi Konokono akapaza sauti. "Karibuni! Mmemkuta Bwana Kenge anawapa samaki mkono wa Idi!"

Kenge akabaki vilevile, mkono ndani ya maji, vitoto vikimbusu vidole, pu, pu, pu.

"Allahu akbar," akasema Mzee Kobe. "Hata samaki wanampenda."

Ngedere akatupa jicho pembeni. "Na hilo kaango?"

"La maandazi ya wageni," akasema Bi Konokono. "Sivyo, Bwana Kenge?"

Kenge akawatazama. Maisha yake yote hakuna aliyepiga hodi kwake ila aliyekuja kuulizia yai lake. Leo wamevaa, wamenukia, wanamtazama yeye kama mwezi mwandamo. Mate yakamshuka, gu!

"Samaki tele mlangoni, na hajawagusa!" Bi Kanga akasema huku akijifuta macho kwa bawa. "Na mimi nilidhani mlafi. Nisamehe, ndugu yangu."

"Kwani kweli huwali?" Ngedere akamchokoza. "Hata mmoja? Hata kwa ndimu?"

"Kuwala?" akasema Kenge. "Mimi? Hawa ni amana niliyopewa na Mungu."

Neno likishatoka mbele ya Mzee Kobe halirudi.

"Basi," akasema Mzee Kobe, "kila Ijumaa tutakuja, wote, utufundishe kutunza maji. Mpaka mwisho wa umri wako, inshallah."

Kenge akatoa mkono ndani ya maji, polepole, mtupu. Ile ndimu akawakamulia wageni sharubati.

Na hadi leo yuko pale, na ndoo yake, na kila Ijumaa mashahidi wamejaa uani. Amekonda, lakini anaheshimika. Bi Konokono naye yuko kwenye kioo, analamba ukijani na kutubu, analamba na kutubu.

Hadithi yangu imekauka. Mwenye kiu akachote yake.

Na funzo lake, wanangu, ni kwamba uongo ni mbaya. Mwongo wa hadithi hii aliambulia nyumba ya kioo, wajukuu arubaini na mmoja, na jitu zima la kumchotea maji. Basi mmejionea wenyewe adhabu yake. Na usafi ni sehemu ya imani, msisahau. Ila sehemu hiyo, kama mlivyosikia, isizidi robo.