Mwamuzi Aliyeambiwa Afungue Macho

Ndugu zangu, asubuhi hii kabla ya kengele nimepita pale nje kwenye bomba la maji, nikawakuta wazee wawili wa usharika wanabishana kuhusu mechi ya juzi. Mmoja anasema mwamuzi alinunuliwa. Mwenzake anasema hakununuliwa, haoni tu. Nikawauliza kama kuna anayemjua huyo mwamuzi. Hakuna hata mmoja. Basi nikaona mahubiri niliyoyaandaa niyaweke kando kidogo, niwape mfano.

Kulikuwa na mwanamke mmoja, mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari, ambaye pia alikuwa mwamuzi wa mpira wa miguu. Alianzia kwenye ligi za wilaya, viwanja vya vumbi, kule ambako mwamuzi akikosea anasindikizwa na mawe mpaka barabarani. Alivumilia miaka kumi na mitatu. Hatimaye akaitwa kuchezesha mashindano ya wanawake ya mataifa, katika nchi ya ugenini. Walimu wenzake walimfanyia sala chumba cha walimu, wakamwombea safari njema. Kwao alisifika kwa jambo moja: hana upendeleo. Hata watoto wa ndugu zake aliwafelisha hesabu walipostahili kufeli.

Huko kwenye mashindano akapangiwa kufanya kazi na mshika kibendera kutoka nchi nyingine. Hawakuwa wageni wao kwa wao. Miaka minne nyuma walikutana kwenye kozi ya waamuzi, wakalala chumba kimoja wiki tatu, wakawa wanaitana dada. Walikuwa wameshachezesha mechi nyingi pamoja, na mwenzake akionyesha kwamba mpira umetoka, mwalimu hakuwa na haja ya kutazama mara ya pili.

Wakapewa nusu fainali. Wenyeji wa mashindano dhidi ya timu moja ya wageni. Asubuhi ya siku ya mechi, wakati wa kifungua kinywa hotelini, mratibu wa waamuzi akamwita mwalimu pembeni. Alikuwa mwenyeji wa nchi ile, bwana mtaratibu, mwenye adabu, anayezungumza kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, mimi sisemi kitu," akamwambia. "Ila leo ufungue macho."

"Kuhusu nini, mheshimiwa?"

"Yule mwenzako wa kibendera. Juzi alionekana pale bustanini na mtu wa timu ya wageni. Jana tena. Huenda si neno. Lakini ningekuwa wewe, ningefungua macho."

Akampigapiga begani, akaenda kujimiminia chai.

Sasa nawauliza, huyu bwana amesema uongo? Hakusema uongo. Yule dada kweli alikuwa bustanini, na kweli alizungumza na mtu wa timu ya wageni. Amemshitaki mtu? Hajamshitaki. Amesema goli likataliwe? Hata neno goli hakulitaja. Lakini mwalimu aliporudi mezani, uji wake ulikuwa umepoa, naye hakuutaka tena.

Tangu saa ile kila kitu kikawa na maana. Mwenzake alipokea simu, akatoka nje kwenda kuisikiliza. Kwa nini atoke nje? Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na alipoulizwa kuna nini akasema, "Mambo ya nyumbani tu, dada." Mambo gani ya nyumbani? Ndani ya gari la kwenda uwanjani alikaa kimya, anatazama dirishani. Zamani walikuwa wakiimba pambio njia nzima. Mwalimu akajiambia, mtu mwenye dhamiri safi hakai hivi.

Mngesema amwulize. Mimi pia nilidhani angemwuliza. Walikaa kiti kimoja, bega kwa bega, dakika arobaini. Swali moja lingetosha. Lakini mnajua shaka ilivyo, ndugu zangu. Shaka haipendi kuuliza, maana ikiuliza inaweza kujibiwa.

Mechi ikaanza saa tisa alasiri, jua kali, uwanja umejaa. Kipindi cha kwanza hakuna aliyefunga. Mara mbili yule dada aliinua kibendera kuonyesha kwamba wenyeji wameotea, na mara zote mbili mwalimu alipuliza filimbi huku moyo unamwambia, umeona? Ni wenyeji tu. Hakukumbuka kwamba wenyeji kweli walikuwa wameotea.

Dakika ya sabini na tisa, wageni wakapata kona. Yule dada akasimama pale panapomhusu, kwenye mstari wenyewe wa goli, karibu na kibendera cha kona. Mpira ukapigwa, mshambuliaji mmoja akaruka juu ya wote akaupiga kichwa. Ukagonga mtambaa wa panya, ukaanguka chini, ukadunda, ukarudi mikononi mwa golikipa. Watu wanane walikuwa mbele ya mwalimu. Hakuona ulipoangukia.

Akamtazama mwenzake. Kibendera kilikuwa juu. Kisha yule dada akaanza kukimbia kuelekea mstari wa kati, na kwa waamuzi hiyo ndiyo lugha ya kusema mpira umevuka mstari, ni goli. Mashindano yale hayakuwa na mitambo ya kurudia picha kwa ajili ya waamuzi. Palikuwa na macho ya mtu mmoja tu yaliyokuwa mahali pa kuona, na mwenye macho hayo alikuwa anakimbia na kibendera chake mkononi.

Mwalimu akasimama. Akasikia ile sauti ya chini ya asubuhi. Akatikisa kichwa, akanyoosha mikono: mchezo uendelee.

Golikipa akautupa mpira mbele. Pasi tatu, na wenyeji wakafunga upande wa pili. Moja bila. Hivyo ndivyo ulivyokwisha.

Wakaingia katika chumba cha kubadilishia nguo. Kisha mshika kibendera akauliza, huku anafungua kamba za viatu:

"Dada, uliniona?"

"Nilikuona."

"Ulivuka kwa kiasi hiki." Akaonyesha kwa viganja viwili, upana wa sahani. "Nilikuwa kwenye mstari. Kwa nini ulikataa?"

Mwalimu akasema, "Sikuona mpira."

"Najua hukuuona. Ulikuwa unanitazama mimi. Mechi nzima ulikuwa unanitazama mimi."

Hapo mwalimu akaropoka kile alichokuwa amekibeba tangu asubuhi. "Ulikuwa na nini na mtu wa timu ya wageni kule bustanini?"

Yule dada akaacha kamba za viatu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha mwalimu. Akasema polepole kwamba mtu yule ni daktari wa timu. Mama mzazi wa yule dada alikuwa amelazwa katika nchi inakotoka timu ile ya wageni, na daktari yule hufanya kazi katika wodi aliyolazwa. Kila jioni daktari aliwapigia simu wenzake wa wodini, kisha akampa habari za mgonjwa. Simu ya asubuhi ile ilikuwa ya kumwambia kwamba mama ameacha kula.

"Ungesema," mwalimu akanong'ona.

"Nilisema. Siku ya kwanza kabisa nilimwandikia barua mratibu, kama kanuni zinavyotaka, mtu yeyote asije akanishuku. Akanijibu kwamba amenielewa, hakuna tatizo, niendelee kumsalimia daktari. Wewe sikukwambia kwa sababu ulikuwa umebeba mechi kubwa, nikaona nisikuongezee mzigo."

Mnasikia, ndugu zangu? Mratibu alijua. Alijua tangu siku ya kwanza, kwa maandishi. Alichukua ukweli wa mtu mwaminifu, akauvua maelezo yake, akauleta mezani ukiwa uchi.

Mwalimu alimtafuta siku hiyo hiyo, akamkuta kwenye ngazi za uwanja. "Uliniambia mwenzangu ana jambo," akamwambia.

"Mimi?" Mratibu akashangaa kwa upole. "Nilikwambia ufungue macho, mwalimu. Kuna ubaya gani mwamuzi kuambiwa afungue macho?"

Picha za televisheni zilionyesha dunia nzima kwamba mpira ulivuka. Kamati ikaundwa, na mwalimu akaitwa kuhojiwa. Akaeleza yote kwa machozi, hakuficha, akataraji sasa mkosaji atajulikana. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja mtu mzima, amevaa miwani. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza maswali matatu.

"Mratibu alikwambia mshika kibendera amenunuliwa?"

"Hapana, mama."

"Alikwambia ukatae goli?"

"Hapana."

"Basi, mwanangu, goli lile alilikataa nani?"

Akasema, "Mimi."

Mratibu hakuondolewa. Siku ya fainali aliketi jukwaa kuu. Mwalimu alirudi kwao bila beji, na hakuchezesha tena mechi ya mataifa. Yule wa kibendera alimzika mama yake mwezi uliofuata. Nimeambiwa mwalimu alisafiri siku mbili kwenda msibani, na kwamba dada yule alimpokea, akampa mkeka wa kukalia. Lakini hawaimbi tena pamoja.

Sasa tugeuke kwetu. Najua wengi wenu hapo mlipo mnamkasirikia mratibu. Mkasirikieni, anastahili, na Mungu ana siku yake naye. Lakini mratibu hakuwa na filimbi. Na sisi, je? Mangapi tumeyakataa kwa watu kwa sababu ya neno ambalo hata msemaji wake hakulimalizia? Uchumba umevunjwa katika usharika huu kwa "mimi sisemi kitu." Ndugu wa tumbo moja wamegawana mipaka ya shamba kwa "fungua macho tu." Ukimfuata aliyesema, hukuti kitu. Ukitazama mkono wako, filimbi unayo.

Hata sasa ninavyosema, nimewaona watatu mmegeuza shingo kutazama benchi fulani. Mnajiuliza mchungaji anamsema nani. Rudisheni shingo zenu. Ninajisema mimi.

Tangu Pasaka mmeona Mama Aikande hafundishi tena shule ya Jumapili. Mimi ndiye niliyemwondoa. Mtu mmoja alinijia ofisini, akasema hana ushahidi, ila niwe macho na yule mama anavyokaa na watoto na anavyowafundisha. Sikuuliza amefanya nini. Sikuwauliza wazazi. Yeye mwenyewe sikumwuliza. Nilibadilisha ratiba kwa kalamu, nikamsalimia kama kawaida mlangoni Jumapili iliyofuata, nikajihesabu mwenye hekima.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kwake. Nimemwomba ruhusa ya kuyasema haya mbele yenu, naye amekubali. Nilimkuta anapeta mbegu za maharage uani. Nikamwuliza, baada ya miezi minne, ni jambo gani lilitokea. Jibu lake halikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai, na kila alichokisema nimekihakikisha kwa wazazi. Hakuwa na kosa.

Nikamwuliza kwa nini hakuja kujitetea.

Akaweka ungo chini, akaniambia, "Baba mchungaji, jibu nilikuwa nalo tangu Jumatatu ya Pasaka. Nilikuwa nangoja mtu aje na swali."

Tusimame, tuombe. Na atakayetoka hapa leo akiwa na jina la mtu moyoni, asianzie nyumbani kwake mwenyewe. Aende akaulize.