Ufunguo wa Hatua ya Saba

Mkono unaonyoa vichwa vya watu mia hauwezi kukinyoa kisogo cha mwenyewe. Ndiyo maana methali inamwonya kinyozi asijinyoe. Si kwamba hajui kazi, bali jicho lake halifiki kule wembe unakopita. Verediana wa kijiji cha Daudi aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, hata aliwahi kuiandikia insha na mwalimu akamsifu. Lakini kujua si kutii.

Verediana alikuwa mkulima wa vitunguu saumu. Jioni, akishanawa udongo mikononi, alicheza Genge, mchezo wa simu wa kuruka magema ya miamba na kukwepa hatari. Wenye mchezo huo huwaruhusu wapenzi wake kutengeneza hatua zao wenyewe za mchezo, na mara moja kwa mwaka hupokea vifurushi vya hatua kumi kumi. Kifurushi kikikubaliwa, huingizwa ndani ya mchezo kikachezwa na kila mtu. Kikiwa na hatua moja mbovu, hurudishwa chote.

Kundi la Verediana lilikuwa la watu watatu. Farida, binti wa mwenye duka la vitambaa mjini Katesh, ndiye aliyekusanya kazi zote na kuzifungasha kwenye kompyuta yake. Hhando, kijana mfugaji wa Gendabi, alibuni hatua nzuri kuliko wote. Ile ya Ziwa Balangida ilikufanya uonje chumvi mdomoni. Verediana alikuwa mjaribu wao, mwenye jicho kali kama la kipanga. Alizicheza hatua za wenzake kwa siku nzima nzima, kisha akawatumia orodha za makosa ndefu kama foleni ya siku ya mnada.

"Jiwe la tatu linapitisha mguu," aliandika. "Rudia."

Hhando alirudia.

"Sasa maji yanapita juu ya daraja. Rudia tena."

Hatua ya Ziwa Balangida aliirudisha mara kumi na tisa. Hhando aliimeza hasira yake kama mtu anayemeza mwarobaini, akatengeneza upya. Hakuwa na muda wa kubishana. Baba yake, Mzee Basili, alikuwa amemruhusu aache ng'ombe siku za Jumanne tu, tena kwa mwaka mmoja, ili ionekane kazi hiyo ya simu ina maana gani. Mwaka ulikuwa unaisha.

Hatua ya saba ilikuwa ya Verediana mwenyewe. Aliibuni peke yake, akaijaribu peke yake, kwenye simu yake. Siku ya kutuma kifurushi alikuja Katesh na faili lililokwisha kufungwa.

"Hebu niicheze kwenye simu yangu kwanza," Farida alisema. "Dakika kumi tu."

"Ya nini? Nimeicheza mara mia mbili."

"Wewe umeicheza. Mimi sijaicheza."

"Farida, makosa yenu yote hukamatwa na nani? Leo mnataka kunikagua mimi?"

Farida alivuta pumzi, akaitazama dari kana kwamba msaada ungeshuka kutoka huko. Tangu asubuhi walikuwa wamebishania kila kitu, mpaka jina la kifurushi. Alikuwa amechoka hoi. "Haya, mama mkaguzi," alisema, akaliingiza faili bila kulifungua, akatuma.

Baada ya wiki mbili jibu lilifika, nalo lilikuwa la mstari mmoja. Kifurushi kimekataliwa, hatua ya saba haimaliziki. Nafasi nyingine ni mwakani.

Verediana alipanda basi akiwa amefura. Alipofika dukani, hata shikamoo aliyompa mama yake Farida ilitoka nusu. "Hao hawajui kucheza!" alisema kabla hajaketi.

Hhando alikuwa ametangulia kufika. Alikaa juu ya robota la vitenge.

"Hhando, ifungue kwenye simu yako," Farida aliagiza.

Hhando aliifungua. Anga la mchezo lilikuwa jeusi tii.

"Mawingu yangu yako wapi?" Verediana aliuliza.

"Umeyaacha kwenye simu yako," Farida alimjibu. "Hukuyafunga pamoja na hatua."

Hhando aliruka gema baada ya gema, akafika kwenye lango la mwisho. Lango likagoma. Alirudi nyuma kutafuta ufunguo, akauona umelaliwa na jiwe kubwa, mahali pasipofikika kwa kuruka wala kutambaa.

"Mbona kwangu lango linafunguka?"

"Kwako!" Farida aliipiga meza kwa kiganja. "Wewe ufunguo uliuokota lini?"

"Mwezi wa tano."

"Na simu yako inakumbuka kwamba unao. Jiwe hili umeliweka lini?"

Verediana alifikiri. "Mwezi wa saba," alisema, sauti ikiwa imeshuka.

"Basi tangu mwezi wa saba hakuna mtu duniani anayeweza kupita hapa isipokuwa wewe. Dakika kumi niliomba, Vere. Dakika kumi!"

Hhando hakugomba. Alitia simu mfukoni, akasimama. "Baba amesema Jumanne zimekwisha," alisema, akatoka. Maneno hayo machache yalimchoma Verediana kuliko kelele zote za Farida.

Angeweza kurudi Daudi kwenye vitunguu vyake akajifungia. Badala yake, asubuhi iliyofuata alikwenda Gendabi, akamkuta Mzee Basili akirekebisha zizi la ndama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa simu?"

"Ndiye mimi. Baba, kazi ya Hhando haikuwa na kosa lolote. Lililotuangusha ni langu. Nilijikagua mwenyewe, sikuliona."

Mzee alikaza kamba ya mti aliokuwa akiufunga. "Hukuwa na mtu wa kukuangalizia?"

"Nilikuwa nao wawili," Verediana alisema, machozi yakimlengalenga. "Niliwakatalia."

Mzee Basili aliguna kama mtu aliyechoshwa na vijana wote wa dunia. "Jumanne namrudishia. Ila mwakani mkishindwa kwa ubishi tena, wote watatu mtakuja kunichungia ng'ombe."

Jumanne iliyofuata Verediana aliwatumia wenzake hatua ya saba. Kabla ya jua kuzama Hhando alimrudishia makosa thelathini na moja, kila moja na maelezo yake. Verediana alisoma, akasonya, akasoma tena. Yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja alilowahi kuliona katika zile mara mia mbili. Ama kweli, kinyozi hajinyoi.